Fungate ya Mkupuo: Juu ya Maneno ya Mapumziko ya Arusi Katika Visiwa vya Karibi

Kwa muda sasa zimekuwa zikitufikia tafsiri za Kiswahili za vipeperushi, masharti na mikataba ya safari zinazohusu mapumziko ya arusi katika hoteli za ufukweni za visiwa vya Karibi, hasa Jamaika, Barbados, Antigua na Jamhuri ya Dominika. Wako watakaosema kwamba jarida la istilahi lina mambo makubwa zaidi ya kushughulikia kuliko starehe ya maarusi wawili waliojilaza mchangani Jamaika. Hatukubaliani nao. Hoteli za namna hiyohiyo zimekwisha kujengwa Unguja na katika pwani ya Kenya, na mfasiri anayeuandika mkataba wa Montego Bay leo ndiye atakayeuandika wa Nungwi na wa Watamu kesho. Neno likishakaa katika mkataba halitoki kwa urahisi. Mwenye kutia sahihi hufungwa na neno lenyewe, hafungwi na nia njema ya mfasiri.

Tuanze na lililo jema. Wafasiri karibu wote tuliowasoma wametumia neno fungate kwa maana ya mapumziko ya maarusi, na wamefanya vyema. Kihispania, Kifaransa na hata Kiarabu cha siku hizi vyote vina mwezi wa asali, na ingekuwa rahisi kwetu kuuchukua mwezi huo na asali yake kama ulivyo. Wachache wamejaribu, nao wametupa maneno yasiyokuwa na mizizi: msomaji wa Kiswahili anaposikia ‘mwezi wa asali’ huwaza kwanza msimu wa kurina. Fungate ni neno la nyumbani. Waswahili wa kale waliposema fungate walikuwa wakisema saba, kabla neno la Kiarabu halijachukua mahali pake. Na Wagiriama, wanapohesabu, hadi leo husema fungahe. Kamusi za zamani zinatueleza kwamba fungate ni siku saba za mapumziko baada ya arusi, ambazo baba wa bibi arusi alikuwa akiwapelekea maarusi chakula.

Jambo la kupendeza ni kwamba hata hesabu inakubali. Hoteli za Karibi huuza mapumziko haya kwa juma, usiku saba kwa kawaida, kwa kuwa ndege za watalii zilizoea kuja na kurudi mara moja kwa juma. Kwa hiyo maarusi wanaokwenda Jamaika kwa usiku saba wana fungate kamili kwa hesabu ya kale, na mwenye kutumia neno hili hawezi kulaumiwa kwamba amelinyoosha kupita kiasi. Hata hivyo, kuna badiliko dogo ambalo mfasiri mwangalifu hana budi kuliona. Zamani watu walisema kukaa fungate. Sasa twasikia kwenda fungate. Kitenzi kimebadilika kwa sababu jambo limegeuka. Fungate ya kale ilikuwa ya ndani ya nyumba, yenye somo wa kuwahudumia maarusi na jamaa wa kuleta sinia mlangoni. Fungate ya Karibi ni ya kuwakimbia jamaa hao kwa maelfu ya kilomita. Haya si makosa ya lugha. Lakini mfasiri anayeandika ‘njooni mkae fungate kama walivyokaa wazee wenu’, kama tulivyosoma mahali pamoja, amevuka mpaka wa tafsiri na kuingia katika uuzaji.

Shida kubwa inaanzia kwenye chakula. Hoteli tunazozizungumzia zina sifa moja inayozitenga na nyingine: mgeni hulipa bei moja kabla ya kufika, na ndani ya bei hiyo mna malazi, milo yote, vinywaji pamoja na vileo, michezo kadhaa ya majini na burudani za usiku. Waingereza huuita utaratibu huu ‘all-inclusive’, Wahispania ‘todo incluido’, Wafaransa ‘tout compris’. Lugha zote tatu zinasema jambo moja, yaani vyote vimo. Wafasiri wetu wametuletea namna tatu za kulisema. Mmoja ameandika ‘bei ya jumla’. Mwingine ameandika ‘vyote ndani’. Walio wengi wameandika ‘kila kitu bure’.

Bei ya jumla hatuna haja ya kuijadili sana. Kila aliyewahi kununua gunia la sukari anajua kwamba bei ya jumla ni bei ya mwenye duka anayenunua ili akauze, nayo ni kinyume cha rejareja. Maarusi hawanunui fungate ili wakaiuze.

‘Vyote ndani’ ni afadhali kidogo, ila haielezi ndani ya nini. Msomaji wa kawaida ataelewa kuwa kila kitu kimo ndani ya jengo, yaani bwawa, ukumbi wa ngoma, duka na zahanati. Kwa hoteli nyingi za huko jambo hilo ni kweli, na ndiyo maana kosa halionekani upesi. Lakini kitu kinaweza kuwa ndani ya jengo na kisiwe ndani ya bei. Chumba cha kusingwa mwili kimo ndani ya ukuta wa karibu kila hoteli ya Karibi, na katika nyingi kati ya hizo hulipiwa mbali.

Sasa tulitazame neno bure, ambalo ndilo sababu ya makala haya. Katika Kiswahili neno hili lina nyuso mbili. Kitu cha bure ni kitu kisicholipiwa. Kazi bure ni kazi isiyoleta faida, na mtu bure ni mtu asiyefaa kitu. Hakuna hata uso mmoja kati ya hizo unaolingana na jambo tunalolieleza. Wanaolitetea husema kwamba mgeni akiisha kuingia hotelini haombwi hata senti, na kwamba neno hili linaeleza anavyojisikia akiwa ameketi kwenye baa akiagiza ramu ya pili. Huenda ndivyo anavyojisikia. Mkataba, hata hivyo, hauandikwi ili kueleza hisia za mtu aliyekwisha kunywa ramu mbili.

Tofauti yenyewe ni ya haki. Kilichotolewa bure hakidaiwi; kilicholipiwa hudaiwa. Tuseme maarusi wameahidiwa safari ya mashua ya kwenda kutazama matumbawe, na mashua imeharibika juma zima. Ikiwa mkataba wa Kiingereza unasema kwamba safari hiyo imo katika bei, wana haki ya kuuliza habari ya fedha zao. Ikiwa tafsiri waliyoisoma na kutia sahihi inasema kwamba safari hiyo ni bure, watadai nini? Mtu hadai zawadi ambayo hakupewa. Afisa atakayepokea malalamiko yao, ambaye pengine hajapata kuliona tangazo la Kiingereza, atafungua karatasi na kulikuta neno bure, na kwa mujibu wa lugha atakuwa na haki ya kuwarudisha nyumbani.

Upande wa pili wa kosa ni maneno yanayotangulia, ‘kila kitu’. Hakuna hoteli inayotoa kila kitu. Safari za nje ya hoteli, michezo ya vyombo vyenye mota, kufuliwa nguo, mvinyo wa chupa za bei kubwa, mara nyingine hata gari la kutoka uwanja wa ndege, vyote hivi huweza kuwa nje ya bei, na kila hoteli ina orodha yake. Katika maneno matatu mfasiri ametoa ahadi kubwa kuliko mwenye hoteli, na papo hapo amemnyang’anya mgeni haki ya kudai hata ile ndogo iliyotolewa.

Tukichunguza asili ya jambo hili tutaona kwamba tangu mwanzo fedha haikuondolewa, ilifichwa tu. Mwaka 1950 Mbelgiji aitwaye Gérard Blitz alifungua kambi ya mahema huko Alcúdia katika kisiwa cha Mallorca, na hapo ndipo ilipozaliwa Club Méditerranée. Nia yake ilikuwa watu wapumzike pamoja bila ya kuhesabiana fedha. Baadaye, kwa vinywaji vya baa, wanachama walinunua shanga na kulipa kwa shanga walizozivaa. Wazee wa njia zetu za misafara wangetabasamu kusikia kwamba shanga hizo zilidhaniwa kuwa si fedha. Siku hizi shanga zimeachwa, na mgeni hufungwa utepe wa plastiki mkononi ili mhudumu ajue nani amelipa. Mfasiri mmoja ameuita utepe huo ‘bangili’. Bangili ni pambo, nalo huvuliwa kwa hiari ya mwenye mkono. Utepe huu ni stakabadhi, hukatwa kwa mkasi siku ya kuondoka, na yafaa uitwe utepe wa mkononi, basi.

Jamaika ndiko utaratibu huu ulikopata sura ya fungate. John Issa alifungua Negril Beach Village mwaka 1976, na mwaka 1978 akafungua huko Ocho Rios hoteli ya Couples, iliyopokea watu wawili-wawili tu, mume na mke. Mwaka 1981 Gordon Stewart akafungua Sandals ya kwanza huko Montego Bay, nayo ikaenea visiwa vingi. Tukumbuke kwamba katika mwaka 1976 huohuo Jamaika ilitangaziwa hali ya hatari kwa sababu ya fujo za kisiasa, na watalii walikuwa wakiogopa kutembea mijini. Hoteli ambayo kila hitaji la mgeni lilikuwa ndani ya ukuta, tena limelipiwa Toronto au Miami kabla ya safari, ilikuwa jibu la hofu hiyo. Bei moja na ukuta mmoja vilikua pamoja. Mwuza madafu aliye nje ya lango analijua hilo kuliko mwanauchumi yeyote, maana mtu aliyekwisha kulipia vinywaji vyote hana sababu ya kusimama kwake. Kwa mtu huyu neno bure ni dhihaka. Na kwa mhudumu wa ndani, anayebeba sinia saa nane za usiku, linafanya kazi yake ionekane haina gharama. Baadhi ya hoteli hukataza hata bakshishi kwa hoja kwamba nayo imo katika bei.

Tunapendekeza neno mkupuo. Kukupua ni kukung’uta kitu hata kitoke chote, na kila mtumishi aliyestaafu anajua malipo ya mkupuo ni nini, kwa sababu ameyangojea. Kwa hiyo tungekuwa na bei ya mkupuo, hoteli ya mkupuo, na fungate ya mkupuo. Neno linasema wazi kwamba kuna mfuko uliokung’utwa, na kwamba ulikung’utwa mara moja. Yako mapingamizi mawili tuliyoyasikia. La kwanza ni kwamba mkupuo unataja namna ya kulipa, hautaji vilivyolipiwa. Hiyo kwetu ni sifa yake. Neno lisilodai kutaja vilivyomo humlazimisha mwandishi wa mkataba kuviorodhesha, na orodha ndiyo inayomlinda mgeni. La pili ni zito zaidi: wauza safari wengi hukubali kulipwa kidogo kidogo kwa awamu, na mkupuo wa awamu tano ni maneno yanayopigana. Hapo neno lina upungufu, na kwa mikataba ya namna hiyo tungeridhika na maelezo marefu, ‘bei moja yenye malazi, chakula na vinywaji’. Urefu si dhambi katika mkataba. Penye kutakiwa tangazo fupi, ‘bila malipo ya ziada’ yatosha, maadamu mfasiri haachi lile neno ‘ziada’ likaanguka njiani, kama lilivyoanguka katika vipeperushi viwili tulivyonavyo.

Wala tusidhani kwamba chakula cha fungate ya kale kilikuwa cha bure. Sinia la baba wa bibi arusi lilikuwa na hesabu yake, ya heshima na ya kurudishiana, na familia iliyopokea ilijua kwamba siku yake ya kutoa ingefika. Kiswahili hakijapata kuwa na ukarimu usio na mizani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa sababu hiyo tunasita hata juu ya neno mgeni kwa maana ya mtu aliyelipa usiku saba, lakini limekwisha kuenea mno na hatuna matumaini ya kulirudisha. Angalau katika vifungu vya madai na fidia aitwe mteja.

Juu ya lile neno la Kiingereza ‘resort’ tutasema machache. Kituo cha mapumziko kinafaa. Kijiji, kwa kufuata desturi ya Club Méditerranée, hakifai: kijiji kina wazee, kina watoto na kina makaburi.

Tuje kwenye ufukwe, ambako kuna mali nyingi ya lugha inayopotezwa. Wafasiri hubadilishana pwani, ufuo, ufukwe na bichi kana kwamba ni nguo za rangi mbalimbali za mtu mmoja. Pwani hutokana na kupwa. Kwa maana yake ya asili ni ile sehemu inayoachwa wazi maji yanapotoka. Kwetu sehemu hiyo ni kubwa. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hufika karibu mita nne, na wanawake hutembea mbali wakitafuta pweza na kutunza mwani. Katika Bahari ya Karibi maji hayafanyi hivyo. Hupanda na kushuka kwa kiasi kisichofika nusu mita, na pwani ya kweli ni ukanda wa hatua chache. Kwa hiyo mchanga mweupe wanaolalia maarusi ni ufukwe, na mfasiri anayeandika ‘lala pwani upate jua’ amewalaza mahali penye maji.

Jambo hili lingekuwa la mzaha tu lau sheria isingehusika. Sheria ya Jamaika ya Udhibiti wa Fukwe ya mwaka 1956 inatenga kwa makini sehemu iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa. Sehemu hiyo, pamoja na sakafu ya bahari, iliwekwa mikononi mwa Taji, na sheria haikumpa mwananchi haki ya jumla ya kuingia na kuoga. Wenye hoteli hupewa leseni za kuitumia. Katika miaka ya karibuni Wajamaika wamekwenda mahakamani kudai njia za kufikia bahari yao. Kiingereza cha sheria kinahitaji neno maalumu kuitaja sehemu hiyo, na Kiswahili kinalo tangu kale: ni pwani. Mwanasheria wa Kiswahili anayetafsiri sheria ya Jamaika, au yetu wenyewe, hana haja ya kuunda chochote. Ana haja ya kuacha kulitumia neno pwani kwa kila chenye chumvi.

Kutokana na hayo, ‘ufukwe binafsi’ wa vipeperushi ni kosa zito zaidi ya linavyoonekana. Hoteli ya Jamaika yenye leseni haimiliki pwani, hata ikiwa inamiliki mchanga ulio juu yake. Barbados mambo ni mengine kabisa, kwani huko fukwe ni za watu wote, na mvuvi anaweza kupita mbele ya viti vya maarusi bila ya kuomba radhi. Kama muuzaji anakusudia utulivu, aseme ufukwe wa faragha. Kama anakusudia kwamba wengine hawaruhusiwi, aseme ufukwe wa wageni wa hoteli tu, na msomaji aelewe hivyo.

Pana neno jingine ambalo halina madhara katika mkataba lakini hatuwezi kulinyamazia. Vipeperushi vya Jamaika hupenda kuwaalika maarusi kwenye majumba ya kale ya mashamba ya miwa. Mashuhuri kuliko yote ni Rose Hall, karibu na Montego Bay, jumba la karne ya 18 ambalo jirani yake leo kuna hoteli kubwa za ufukweni. Mfasiri mmoja ameandika ‘nyumba ya shambani’. Kwa Mswahili wa mjini, nyumba ya shambani ni mahali pa kupumzikia mwisho wa juma, penye upepo na maembe. Mwingine, akitaka kumtaja mwenye jumba, ameandika ‘jumba la bwana shamba’, na kwa msomaji wa Tanzania amewapeleka maarusi kulala kwa afisa wa kilimo! Mashamba yale yalilimwa na watumwa kutoka Afrika mpaka utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Waingereza, kwa sheria iliyoanza kutumika 1834 na kwa uhuru kamili wa 1838. Neno shamba si geni kwa historia hiyo, kwani mikarafuu ya Unguja na Pemba nayo ililimwa na watumwa, na hadhi ya utumwa haikuondolewa katika sheria za huko hadi 1897. Kwa hiyo shamba lenyewe lina uwezo wa kuchukua maana, ila linahitaji kusaidiwa. Tunakubali kwamba mfasiri si mwanahistoria, wala hakuajiriwa kuwaharibia watu arusi. Lakini haruhusiwi kutia maembe pasipokuwa na maembe. ‘Jumba la shamba la miwa la enzi ya utumwa’, mara ya kwanza linapotajwa, lingetosha. Baada ya hapo liitwe jumba.

Kwa hali hiyohiyo, yule mhudumu maalumu anayewekwa kwa kila chumba cha bei kubwa asiitwe boi, neno tulilolirithi kutoka jikoni kwa wakoloni, wala mtwana, neno ambalo tulilisoma kwa mshangao mkubwa. Mhudumu wa chumba yatosha.

Kwenye meza wafasiri wanajitia umaskini bila sababu. Tumekuta ‘tunda-mkate’ lililotafsiriwa neno kwa neno, ilhali mti wenyewe umo katika viambaza vyetu vya pwani na tunda lake ni shelisheli. Mashelisheli yalifikishwa Jamaika mwaka 1793 na nahodha William Bligh ili yawe chakula cha watumwa, na leo huchomwa motoni na kuliwa na kila mtu. Tumekuta ‘maji ya nazi’ mahali palipotakiwa dafu. Kiingereza hakina neno hilo na hulazimika kueleza, lakini Kiswahili kinayo madaraja kamili tangu kidaka hadi nazi, na ni ajabu kukishusha mpaka kwenye ufukara wa mwenzake. Tumekuta wali wa ‘njegere’ kwa chakula cha Jumapili cha Wajamaika, ambacho ni wali wa nazi uliochanganywa na maharage, au mbaazi zikiwapo. Mpishi yeyote wa Tanga angekitambua kwa harufu. Mkate wao wa muhogo ni mkate wa muhogo. Katika sehemu hii mfasiri angefunga kamusi ya Kiingereza, akaenda sokoni.

Limebaki neno la kimbunga. Msimu wa vimbunga katika Bahari ya Karibi huhesabiwa tangu Juni 1 hadi Novemba 30, na mikataba mingi ina kifungu kinachoeleza mgeni atarudishiwa nini kikitokea. Tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa kiliipiga Jamaika ya magharibi kikiwa cha daraja la 5, lililo la juu kabisa, na hoteli nyingi za upande huo zikafungwa. Kifungu hiki basi kina watu nyuma yake. Katika tafsiri tulizo nazo kimeandikwa kwa maneno manne tofauti: tufani, dhoruba, kimbunga na ‘hali mbaya ya hewa’. La mwisho lifutwe kabisa, kwa kuwa mvua ya mchana mmoja nayo ni hali mbaya ya hewa. Tufani tuwaachie washairi. Wataalamu wa hali ya hewa hutofautisha kwa mwendo wa upepo, na fidia mara nyingi hufuata tofauti hiyo: dhoruba ya kitropiki ni tangu kilomita 63 hadi 118 kwa saa, na zaidi ya hapo ni kimbunga, neno ambalo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikwisha kulitumia kwa Hidaya mwaka 2024. Mfasiri wa mkataba ayaandike yote mawili, kila moja mahali pake, na pembeni ya kila moja aweke tarakimu zake.